Gari Zilizochemka kwenye Mlima wa Bugarama

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mwaka huu niliingia chini ya gari moja pale garaji nikashindwa kutoka, mpaka vijana wawili wakanivuta miguu kama gunia la mihogo. Hapo nikaelewa kwamba kazi imeniaga. Vijana hao hao ndio walioniomba niandike ninayoyajua kabla hayajapotea. Nashuku walitaka orodha ya maduka yanayouza vipuri visivyo vya bandia. Orodha hiyo ni fupi mno, haistahili karatasi. Nitawaandikia juu ya gari zinazochemka, kwa sababu ndizo zilizonilisha, na kuna wiki moja zilikaribia kuninyima chakula mimi na wadogo zangu watatu.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alifariki, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na nyumba yetu ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ikabaki na watoto wanne. Mkubwa nilikuwa mimi. Nyuma yangu alikuwepo Zaina, kisha Hasani, kisha Mwajuma ambaye alikuwa bado hajui kufunga viatu. Nilikuwa mwaka wa sita shuleni. Mwalimu alizoea kusema nina kichwa cha hesabu, basi nikaitumia hesabu yake: wanne hawawezi kusoma wote, watatu wanaweza. Nikaenda kwa Mzee Bakari, aliyekuwa akisali safu moja na baba. Garaji yake ilikuwa kipande cha barabara kati ya ukuta na mtaro, na kila mtu pale alimwita patro, yaani bosi, hata waliomzidi umri.

"We unajua nini?" akaniuliza.

"Sijui kitu, patro."

"Vizuri. Wenye kujua wananisumbua."

Siku ya kwanza nilipewa beseni la mazuti, yaani dizeli, na rundo la boliti. Kazi yangu ilikuwa kuziosha na kuzipanga kwa ukubwa. Nilimaliza jioni, nikasimama kando nikisubiri sifa. Patro alizitazama, akasema zimepangwa vizuri, akazirudisha zote ndani ya beseni na kuzikoroga kwa mkono. "Kesho tena," akasema. Baada ya wiki mbili niliweza kuijua boliti ya kumi na ya kumi na mbili kwa vidole tu, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Leo vijana wana simu inayosoma ugonjwa wa gari kwa waya. Sina ugomvi na simu. Ila bado haijui kufungua boliti iliyoliwa kichwa.

Mwezi wa kwanza nilifungua kifuniko cha radiyata ikiwa ya moto. Alama ninayo kwenye kiganja mpaka leo. Patro hakunigombeza. Alinipaka mafuta, akaniambia, "Sasa hilo somo limeisha." Kwa hiyo ninyi na wateja wenu lichukueni bure: gari ikichemka, simama pembeni, zima injini, inua boneti, halafu usifanye chochote. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kwa madereva. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa radiyata bila kuuachia. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa, ukizungushe kidogo, uache kipumue. Na usimwage maji baridi juu ya injini iliyochemka. Nimemwona mtu akimwaga ndoo nzima ya maji ya mtaro, injini ikapasuka kichwa kwa sauti ndogo tu, kama sahani jikoni. Alishukuru kwamba sasa imepoa. Ilikuwa imepoa kabisa, haikuwaka tena.

Kwa wasioijua Buyenzi, kuna desturi moja lazima niieleze, maana bila hiyo habari hii haiendi. Mwenye gari haiachi gari yake kwa fundi. Anakaa nayo. Kila garaji ina benchi, na kwenye benchi wamekaa wenye magari kutwa nzima wakilinda vipuri vyao visibadilishwe. Wanahesabu boliti zinazotoka na zinazoingia. Wanakula brosheti za nyama hapo, wanapokea simu hapo, wanatushauri pia. Nimewaheshimu watu wa benchi maisha yangu yote, lakini nimeshangaa vilevile. Mtu atalikazia macho tairi lake la akiba kwa saa nane, halafu akienda zake atapanda mlima mzima bila kuutazama mshale wa joto hata mara moja.

Patro alikuwa fundi hodari. Aliweza kusikia valvu iliyolegea toka ng'ambo ya barabara, mwadhini akiwa anaadhini. Lakini alikuwa na imani moja, nayo ilihusu kalorstati. Ni kidude cha ukubwa wa kikombe cha kahawa kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinaziba, ikipata moto kinafungua ili maji yaende kupoa kwenye radiyata. Kwa maoni ya patro, kidude hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye theluji. "Hapa Bujumbura jua iko bure," alikuwa akisema. "Nani anataka mulango wa kufungia moto ndani?" Basi gari yoyote iliyofika kwetu mara ya kwanza, hata kama imekuja kwa taa tu, tuliitoa kalorstati. Tulizitunga kwenye waya ukutani kama samaki wa sokoni, na waya ulikuwa mrefu.

Wateja walipenda sana. Walirudi nyumbani mshale wa joto umelala chini kabisa, wakasimulia mtaani kwamba kwa Bakari gari zinapoa. Wengine walifika na kuuliza kabla ya salamu, "Ile kitu mumeitoa?" Hakuna aliyeuliza kwa nini esansi, yaani petroli, inaisha haraka kuliko zamani. Injini isiyopata moto wake hunywa esansi kama mgeni asiyelipa, lakini sisi tulilaumu barabara.

Kulikuwa na fundi mwenzetu, Yusufu, aliyewahi kufanya kazi Kigoma. Siku moja alisema mbele ya watu kwamba kule walikuwa hawazitoi. Patro alimwambia, kwa sauti ya upole kabisa, achukue sanduku lake arudi kule. Yusufu alidhani ni utani, akacheka. Sanduku lilikuwa limeshawekwa barabarani. Mimi niliona, nikaendelea kuosha boliti ambazo zilikuwa safi.

Nilikaa hivyo miaka kumi. Nilijifunza freni, kabureta, sanduku la gia. Niliwapokea walioshuka kutoka Bugarama, juu ya mlima ulio nje ya mji, na injini imezimwa ili kuokoa esansi. Injini ikizimwa, pedali ya freni inakuwa ngumu kama jiwe na usukani unakuwa mzito. Wengi wao walifika kwetu wakiwa wamevutwa kwa kamba, wakieleza jinsi walivyookoa esansi. Sheria ya ule mteremko ni moja: shuka na gia ileile ambayo ungepandia, uiache injini ikushike, na freni uiguse tu. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, si mkaa wa wanakijiji. Ni wewe.

Mteja wangu mgumu kuliko wote alikuwa Mama Odetta. Alikuwa mfanyabiashara wa soko la Jabe. Mara tatu kwa wiki alipanda na pikapu yake ndogo mpaka Bugarama, akapakia kabichi na karoti, akashuka kuziuza. Aliendesha mwenyewe, kwa sababu, alisema, madereva aliowahi kuwaajiri walikuwa wanaendesha kama wanatoroka. Pikapu ilipofika kwetu kwa ajili ya klachi, mimi ndiye niliyeitoa kalorstati, kama kawaida, naye akiwa kwenye benchi ananihesabia boliti.

Wiki iliyofuata ilichemka mlimani. Tukabadilisha kifuniko cha radiyata. Ikachemka. Tukasafisha radiyata, tukabadilisha pampu ya maji, tukabadilisha mipira. Ikachemka mara hii mpaka ikaunguza gasketi ya kichwa, na kabichi zake zikalala barabarani siku mbili. Tuliibadilisha gasketi. Ilipochemka tena, alikuja kwa miguu, akasimama mbele ya patro.

"Hii gari yako iko muzima," patro akamwambia. "Ni mulima ndio mugonjwa."

"Ule mulima niliukuta pale niko mutoto, muzee. Haujachemka hata siku moja."

"Basi ni gia. Unapanda na gia mubaya."

"Mi napanda na gia ya babako," akasema, na benchi nzima ikaangalia pembeni.

Alisema wazi kwamba akiunguza injini safari hii, biashara yake imekwisha, kwa sababu pikapu ndiyo biashara. Patro akanituma nipande naye nikaone anavyoendesha. Nilielewa kazi yangu ilikuwa kurudi na kosa lake.

Tulitoka asubuhi. Aliendesha vizuri kuliko mimi: gia ya pili, mguu umetulia, macho barabarani. Hapa mjini mshale ulilala chini kabisa. Tulipoanza kupanda uliinuka, ukapita katikati, na kona kadhaa baadaye ukagonga juu. Akasimama pembeni. Niliinua boneti, nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mara ya kwanza. Nilishika. Kichwa cha injini kilikuwa kinatokota, lakini radiyata chini ilikuwa vuguvugu tu, mkono unakaa. Pembeni ya pampu kuna mpira mfupi, njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini wakati bado ni baridi. Huo ulikuwa hauguswi kwa moto.

Niliinama pale muda mrefu. Mama Odetta akadhani nimeshikwa na kizunguzungu cha milima.

"Saidi, unaona nini?"

"Naona maji inarudi nyumbani bila kufika sokoni."

"Nani aliifungulia hiyo njia?"

Aliyeifungulia alikuwa ameinama mbele yake. Kalorstati ya injini ile ina kisahani cha pili chini yake. Nilikiona siku niliyoitoa, nikadhani ni pambo. Sasa nilielewa: mlango mkubwa ukifunguka, hicho kisahani kinaziba njia ya mkato. Gari nyingine hazina njia ya namna hiyo, ndiyo maana zilivumilia, zikala esansi tu. Hii haikuwa na uvumilivu. Tulikuwa tumebadilisha kila kitu isipokuwa kitu tulichokiharibu.

Ijumaa baada ya sala niliitoa kalorstati yake kwenye waya, niliitambua kwa kile kisahani, nikaenda nayo nyumbani. Zaina wakati huo alikuwa mwaka wake wa mwisho shule ya uuguzi. Alinikuta nimebandika sufuria jikoni.

"Yaya, hiyo ni sufuria ya maharagi," akasema. Yaya ndivyo wadogo zangu wanavyoniita, kama mkubwa yeyote kwao.

"Itarudi."

"Itarudi na ladha ya gari."

Niliining'iniza kalorstati kwa uzi ndani ya maji, tukasubiri. Maji yalipokaribia kuchemka, tundu lake la katikati likafunguka taratibu, na kisahani cha chini kikasogea na kujikaza. Niliipua sufuria, kikarudi. Nikaibandika tena, kikashuka tena. Nilimweleza Zaina kinachozibwa ni nini.

"Kwa hiyo patro amekosea."

"Sijasema hivyo."

"Sufuria ndiyo imesema. Na akikufukuza kama Yusufu? Mi imebaki miezi. Hasani yeye? Mwajuma?"

"Najua."

"Basi irudishe kimya kimya. Asijue."

Lilikuwa wazo zuri kwa mji mwingine. Kwetu Mama Odetta angekuwa kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwangu, na angeiona boliti ya kwanza ikitoka. Angeuliza kwa sauti, na sauti yake ilizoea kushindana na soko zima. Nilibaki na njia mbili: niseme mbele ya patro, au ninyamaze na pikapu ife. Nilikesha na hesabu ile ile ya mwalimu, ikawa inatoa majibu tofauti kila nikirudia.

Jumamosi nilimkuta patro amekaa juu ya tairi anakunywa chai.

"Patro, naomba ruhusa niirudishe kalorstati ya Mama Odetta."

Nyundo zilinyamaza. Hata mnyoosha bodi wa jirani, ambaye hakuacha kugonga siku ya harusi ya binti yake, aliacha.

"Ya nini?"

"Ya kujaribu tu," nikasema, na nilijisikia nikidanganya. Nikaongeza, "Nadhani tulipoitoa, tuliifungulia maji njia mubaya."

"Tulipoitoa," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu. Alimaliza chai yote. "Rudisha. Jumatatu anapanda. Ikichemka, we usisumbuke kuja. Sanduku yako nitakutumia nyumbani."

Niliirudisha. Gasketi yake niliikata kwa mkasi kwenye karatasi nzito, kisha nikajaza maji kifuniko kikiwa wazi, injini inawaka, mpaka mapovu yakaisha. Msisahau mapovu. Hewa iliyobaki ndani huchemsha gari nzima iliyotengenezwa vizuri, na fundi hufukuzwa bila kosa. Mama Odetta alikaa kwenye benchi wakati wote na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuhesabu kitu.

Jumatatu nilifungua na kufunga stata ya gari moja mara mbili, haikuwa na ugonjwa. Patro hakunitazama. Sanduku langu lilikuwa karibu na ukuta, naye alilipita mara kadhaa, sikujua kama analipima. Mchana pikapu ikaingia, kabichi zimejaa mpaka juu. Mama Odetta alizima, akashuka, akainua boneti mwenyewe.

"Muzee, kuja ushike."

Patro alisimama. Alishika mpira wa juu, akashika wa chini, akashika ule mfupi wa pembeni ya pampu.

"Mushale ulifika wapi?"

"Katikati. Ulikaa pale kama mutu wa serikali kwenye kiti yake. Haukusogea kwenda, haukusogea kurudi."

"Mm," akasema patro. Akaenda kutawadha, na wakati wa sala ulikuwa bado kabisa. Sanduku langu lilibaki pale pale. Nilirudi nyumbani, Zaina akanitazama usoni, akanipakulia bila kuuliza.

Siku mbili baadaye akaja mwalimu mmoja wa sekondari. Gari yake tuliitunza sisi tangu siku aliyoinunua, na alilalamika kwamba inakula esansi kama lori. Mama Odetta alikuwa kwenye benchi akisubiri kubadilishiwa oili. Patro aliinua boneti ya mwalimu, akashika mipira, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. Kisha akainua sauti mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia.

"Gari bila kalorstati si gari. Nani alitoa kalorstati hapa?"

Tulikuwa mafundi watano. Wote tuliangalia chini, na wote tulijua. Ukutani nyuma yake waya haukuwepo tena. Patro aligeuka, akanitazama mimi, akangoja. Nilianza kupanga maneno. Nilikuwa na maneno mazuri, na nilikuwa na sufuria kama shahidi.

Mama Odetta aliinama kutoka kwenye benchi, akaniambia polepole, "Saidi, we uko mujinga ama uko na watoto?"

"Niko na watatu, mama."

"Basi jibu muzee."

"Ni mi, patro," nikasema.

Patro akamgeukia mwalimu, akamshika bega kwa huruma. "Mutusamehe, mwalimu. Bado anajifunza."

Na nilijifunza hivyo mbele ya benchi, mara tatu au nne kwa wiki, gari moja baada ya nyingine, mpaka Mwajuma alipomaliza shule.